Mwongozo kamili wa kupima dozi ya ngozi wakati wa tiba ya mionzi ya ndani ya saratani ya titi

Katika tiba ya mionzi ya ndani (brakitherapi), chanzo cha mionzi kinaingia titini kupitia sindano au katheta, kinasimama sekunde chache katika kila kituo, kisha kinarudi kwenye kasha lake la kinga. Kansa ilipotolewa ndipo panapokusudiwa dozi kubwa. Lakini titi si kiungo kinene. Mara nyingi ngozi iko milimita kumi, kumi na tano au ishirini kutoka kwenye kituo cha karibu, na hapo ndipo madhara yanapoonekana baadaye: ngozi kuwa nyeusi, kukakamaa, kupukutika, au vimishipa vidogo kujitokeza miezi mingi baada ya tiba.

Programu ya kupanga tiba inakupa dozi ya ngozi kwa hesabu tu. Kipimo kinachobandikwa kwenye ngozi ndicho kinachokuambia ilichopata kweli. Mwongozo huu ni wa mtaalamu wa fizikia tiba, mteknolojia mionzi na daktari wanaotaka kuanza kupima hivyo katika kituo cha Kanda ya Ziwa, ambako Bugando ndiyo hospitali ya rufaa na Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara. Sehemu kubwa inahusu filamu, kwa kuwa ndiyo inayovumilia mazingira yetu na inaonyesha ramani nzima badala ya nukta moja.

Kwanza, kubalianeni juu ya namba

Kabla ya kununua hata kipande cha filamu, daktari na mtaalamu wa fizikia wakae pamoja waandike dozi iliyoagizwa, kikomo cha ngozi, na hatua itakayochukuliwa kipimo kikizidi. Hili la mwisho ndilo husahaulika. Kupima bila kujua utafanya nini namba ikija kubwa ni kujitafutia hofu bure.

Ratiba inayofahamika sana kwa tiba ya sehemu ya titi ni 34 Gy (grei, kipimo cha dozi ya mionzi) kwa mara 10, yaani 3.4 Gy kila mara, mara mbili kwa siku, kukiwa na angalau saa 6 kati ya mara moja na nyingine. Ulaya hutumia pia 32 Gy kwa mara 8. Kuhusu ngozi, mapendekezo ya kundi la Ulaya la GEC-ESTRO ni kwamba sentimita moja ya ujazo ya ngozi inayopata dozi kubwa zaidi isifike asilimia 90 ya dozi iliyoagizwa, na sehemu ya sentimita 0.2 ya ujazo isifike asilimia 100. Katika jaribio lao kubwa la sindano walikuwa wakali zaidi: ngozi isizidi asilimia 70.

Ili namba hizo ziwe na uzito, zigeuze ziwe dozi sawa na ya mara za 2 Gy, ukitumia uwiano wa alfa kwa beta (namba inayoonyesha jinsi tishu inavyoathiriwa na ukubwa wa dozi ya kila mara) wa 3 kwa madhara ya muda mrefu. Ngozi iliyopata asilimia 70 ya 34 Gy imepata 2.38 Gy kila mara, jumla 23.8 Gy, sawa na takriban 25.6 Gy. Ikipata asilimia 90 inafika 37. Ikipata asilimia 100 ni 43.5. Kutoka 70 hadi 100 dozi kwa maandishi imeongezeka kwa asilimia 43, ila kwa ngozi yenyewe uzito umepanda kwa asilimia 70. Na kama hii ni dozi ya nyongeza baada ya titi zima kupigwa mionzi ya nje, jumlisha na ile ya kwanza kabla hujasema ngozi iko salama.

Vifaa

Filamu ya aina ya EBT3. Unene wake ni kama mm 0.28: tabaka la kati linalobadilika rangi, na plastiki pande zote mbili. Inafaa kwa dozi ya kuanzia takriban 0.1 Gy hadi 20 Gy, haihitaji kusafishwa kwa dawa, na inakatwa kwa mkasi. Kwa nguvu za mionzi ya iridi-192 na kobalti-60, vyanzo vya tiba hii, tofauti ya mwitikio wake ni ndogo sana, jambo linalokuruhusu kuirekebisha (yaani kupata rangi ipi ni dozi ipi) kwenye mashine ya kobalti ya tiba ya nje na kuitumia kwenye brakitherapi.

Skana bapa ya rangi inayoweza kusoma biti 48 na kuhifadhi faili la TIFF. Vibanio vya plastiki, glavu zisizo na unga, bahasha nyeusi, nailoni nyembamba, plasta ya ngozi isiyoacha gundi nyingi, maka peni, rula ya plastiki, na shanga ndogo za risasi au waya mwembamba wa kuweka alama wakati wa CT (picha za vipande vya mwili zinazotumika kupanga tiba). Kipimajoto kinachoaminika. Na barometa, ambayo inastahili sehemu yake yenyewe.

Barometa, kosa linalojificha

Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hakuna mahali Mwanza palipo chini ya hapo. Shinikizo halisi la hewa mjini ni kama hPa (hektopaskali) 885. Chemba ya kisima inayopima nguvu ya chanzo, na chemba ndogo inayopima mashine ya kobalti, hupima mionzi kwa chaji inayozalishwa kwenye hewa iliyo ndani yake, na zote zina tundu la hewa. Hewa ikiwa nyepesi chemba inakusanya chaji kidogo, kwa hiyo usomaji lazima uzidishwe kwa kigezo cha joto na shinikizo:

k = (273.15 + T) / 293.15 × 1013.25 / P

T ni joto kwa nyuzi, P ni shinikizo kwa hPa. Kwa nyuzi 25 na hPa 885, k ni 1.164. Sasa chukua mtu aliyefungua simu akasoma hali ya hewa ya Mwanza: shinikizo hPa 1015. Namba hiyo imeshasahihishwa iwe kana kwamba mji uko baharini, kwa ajili ya wataalamu wa hali ya hewa. Akiitumia anapata k ya 1.015. Chanzo kinaonekana dhaifu kwa asilimia 13 kuliko kilivyo. Namba hiyo ikiingia kwenye programu ya kupanga tiba, programu inarefusha muda wa kila kituo cha chanzo ili kufidia, na mgonjwa anapata karibu asilimia 15 zaidi.

Ubaya wenyewe ni huu. Kama filamu nayo ilirekebishwa kwa mashine ya kobalti iliyopimwa siku hiyohiyo kwa shinikizo lilelile la simu, filamu itasoma pungufu kwa kiasi kilekile. Mgonjwa kazidishiwa, filamu inasema sawasawa na mpango. Makosa mawili ya barometa moja yamefunikana, na upimaji wote wa ngozi umekuwa mapambo.

Kinga ni mbili. Linganisha nguvu uliyopima na cheti cha mtengenezaji wa chanzo. Tofauti ikizidi asilimia 5 usiendelee, tafuta sababu. Pili, barometa ya kituo isome shinikizo la mahali hapo, na ilinganishwe na nyingine angalau mara moja kwa mwaka. Maabara ya viwango ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania iko Arusha, nako ni juu pia. Chemba ikipelekwa huko kurekebishwa, soma kwenye cheti kigezo kimetolewa kwa shinikizo gani. Kawaida ni 1013.25, na kazi ya kusahihisha inabaki kwako.

Ukishika namba moja tu kutoka mwongozo huu, shika hii: Mwanza, k iliyo chini ya 1.13 ina walakini.

Kurekebisha filamu

Kila toleo la filamu lina mwitikio wake, hivyo kila boksi lenye namba mpya ya toleo linarekebishwa upya. Usikope mstari wa rangi na dozi wa boksi la mwaka jana.

Kata vipande vya sm 3 kwa 3, na kila kimoja kikate kona ndogo upande uleule, ili ujue mwelekeo wake kwenye karatasi ya asili. Geuza kipande nyuzi 90 kwenye skana na usomaji unaweza kubadilika kwa asilimia kadhaa bila mionzi yoyote. Andika namba pembeni. Shika kwa vibanio.

Changanua vipande vyote kwa skana kabla ya mionzi. Kisha viweke kimoja kimoja katikati ya mabamba ya plastiki inayofanana na maji, kina cha sm 5, uwanja wa sm 10 kwa 10, kwenye mashine ya kobalti iliyopimwa asubuhi hiyo. Dozi: 0, 0.5, 1, 1.5, 2, 3, 4 na 6 Gy, vipande viwili kwa kila dozi. Ngozi katika mara moja ya tiba mara nyingi itapata kati ya 1 na 3 Gy, ndiyo maana pointi zimejazana hapo. Rudisha kwenye bahasha nyeusi, subiri saa 24, changanua tena. Filamu inaendelea kukoza rangi baada ya mionzi, kwa kasi sana saa za mwanzo. Muhimu ni kwamba muda wa kusubiri wa filamu za kurekebisha na za mgonjwa uwe uleule.

Kuhusu skana: iwashe nusu saa kabla, pitisha michanganuo mitano mitupu ili taa ipate joto, zima usahihishaji wote wa rangi na kunoa picha, nukta 72 kwa inchi zinatosha. Filamu ikae katikati ya kioo, kwa sababu pembeni skana inasoma dozi kubwa kuliko iliyopo. Kata fremu ya karatasi ngumu yenye tundu ili kila kipande kikae palepale. Umeme ukikatika katikati ya kazi, usiendelee pale ulipoachia: washa upya, subiri upya, rudia michanganuo mitupu.

Chukua wastani wa pikseli wa rangi nyekundu kwenye mraba wa sm 1 katikati ya kipande. Weusi halisi ni logi ya uwiano wa pikseli kabla na baada. Tuseme kabla ni 41,000 na baada ni 27,500: uwiano 1.491, logi 0.173. Ukichora weusi dhidi ya dozi, mstari wenye umbo la D = a·w + b·w^2.5 (D ni dozi, w ni weusi) hukaa vizuri. Kwa mfano wa a = 8 na b = 32, weusi wa 0.173 unatoa 1.78 Gy. Namba za a na b hapa ni za mfano. Zako utazipata mwenyewe.

Hifadhi boksi chini ya nyuzi 25, mbali na dirisha. Jua la mchana linaipaka filamu rangi kama mionzi, na hata taa nyeupe za dari zinaiongezea kidogo kidogo ikiachwa mezani kutwa nzima. Kila kazi iwe na kipande cha ushahidi: hakipigwi mionzi, lakini kinatembea kokote vinakotembea vingine. Kikikoza, kiasi hicho kinaondolewa kwa vyote.

Kama una vidonge vya TLD

Vidonge hivi vya lithiamu floridi, vinavyotoa mwanga kulingana na dozi vikipashwa moto, vya mm 3.2 kwa 3.2 kwa 0.9, ni vizuri kwa nukta moja moja, hasa chuchuni au kwenye mkunjo ambako filamu hailali. Kanuni ni fupi. Choma tanurini nyuzi 400 kwa saa 1, kisha nyuzi 100 kwa saa 2, na upoe kwa mwendo uleule kila mara. Umeme ukizimika katikati, uchomaji huo umeharibika, anza upya. Tanuri bila akiba ya umeme ni kupoteza muda. Kila kidonge kina namba na kigezo chake cha usikivu, maana viwili vya kundi moja vinaweza kutofautiana kwa asilimia 5 au zaidi. Usishike kwa kidole: mafuta ya ngozi yanaungua kwenye kisomeo na kutoa mwanga wa uongo. Kisomeo kiwe na gesi ya nitrojeni safi. Zaidi ya 1 Gy mwitikio unapinda juu, kwa hiyo rekebisha kwa dozi zinazofanana na za mgonjwa.

Siku ya CT: kuchagua pointi

Kazi nzima ya usahihi imo hapa. Dozi karibu na sindano inashuka kama mteremko wa miamba ya Bismarck. Kwa chanzo kimoja kilicho mm 15 kutoka kwenye ngozi, kusogea mm 1 kunabadilisha dozi kwa asilimia 12. Kikiwa mm 10, asilimia 17. Sindano nyingi pamoja hulainisha mteremko huo, mara nyingi ukabaki kama asilimia 5 kwa milimita, lakini bado filamu iliyobandikwa sm 1 pembeni inapima kitu kingine kabisa.

Fanya hivi. Sindano zikishawekwa na kabla ya CT, weka shanga ndogo ya risasi juu ya ngozi katika sehemu nne: juu ya sindano ya juu kabisa pale ngozi inapoonekana karibu zaidi, kwenye kovu la upasuaji, ukingo wa duara la chuchu, na upande wa ndani unaoelekea titi la pili. Zungushia kila shanga duara la maka peni. Pima kwa rula umbali wa kila duara kutoka chuchuni na uelekeo wake kama saa ya ukutani: sm 4.5, saa mbili. Piga picha, uso wa mgonjwa usionekane. Vipande vya CT visizidi unene wa mm 2 hadi 3.

Kwenye programu, weka pointi ya hesabu juu ya ngozi chini ya kila shanga. Kisha zungusha titi zima kwenye skrini utafute pointi yenye dozi kubwa kuliko zote. Mara nyingi siyo uliyodhani. Ongeza pointi ya tano hapo, pima umbali wake kutoka kwenye shanga mbili zilizo karibu, na ichore kwenye ngozi mgonjwa akiwa bado mezani au kabla ya mara ya kwanza ya tiba. Kwa kila pointi andika mambo mawili: dozi, na mteremko wake kwa milimita moja kwenda nje.

Tahadhari ya istilahi: vikomo vya ngozi vya sentimita ya ujazo vinahesabiwa kwenye ganda la ngozi lenye unene, kwa kawaida mm 5. Filamu inapima uso. Usilinganishe filamu na kikomo cha ujazo moja kwa moja. Linganisha filamu na pointi, kisha ujazo usome kwenye mpango.

Mahali pa kuingilia sindano pachunguzwe peke yake. Kituo cha kwanza cha chanzo kisikaribie tundu la ngozi. Acha angalau mm 5 hadi 10. Doa jeusi la mviringo linalobaki kila ilipoingia sindano kawaida linatokana na uzembe wa hapo.

Kubandika na kutibu

Kata filamu za mgonjwa sm 2 kwa 2, na moja ndefu ya sm 3 kwa 8 ya kulala juu ya sehemu yenye dozi kubwa ikiwa ngozi ni tambarare. Zichanganue kabla. Zifunge moja moja kwa nailoni nyembamba. Jasho likiingia ukingoni filamu inafanya ukungu, na Mwanza ya mwezi wa tatu haina mchezo kwa jasho. Filamu haiingii kwenye mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, hivyo nailoni ya nje ndiyo iwe safi, na isiguse tundu la sindano.

Mweleze mgonjwa kabla hujamgusa, na maneno yawe ya kawaida: "Mama, hii ni karatasi ya kupimia tu. Yenyewe haina mionzi, haichomi. Tunaibandika, tukimaliza tunaitoa. Ukihisi inawasha, niambie." Akiwa ni bibi anayesikia Kisukuma vizuri kuliko Kiswahili, muuguzi anayekijua asimame naye. Mgonjwa aliyeelewa hatasogeza mkono kujikuna. Mfunike kwa kanga mpaka dakika ya kubandika.

Mkono ukae vilevile ulivyokaa kwenye CT. Hili ni dogo na linaharibu mengi: mkono uliokuwa juu ya kichwa ukishushwa, titi linalala upande mwingine na ngozi inasogea kutoka au kuelekea kwenye sindano. Hakikisha pia vifungo vya sindano havijateleza. Pima kwa rula urefu unaotokeza nje na ulinganishe na ulioandikwa siku ya CT. Titi huvimba siku mbili tatu baada ya kuwekewa sindano, na ngozi inaweza kubana kwenye vifungo.

Kona iliyokatwa ielekee kichwani. Filamu ilale bila mfuko wa hewa. Kwenye mviringo, kata mipasuko midogo pembeni badala ya kuikunja. Usiweke jeli wala pedi juu yake, kwani utarudisha mionzi iliyokuwa inatorokea hewani na kubadilisha kitu unachokipima.

Thibitisha kila mrija wa kuunganisha namba yake, watu wawili, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akigusa. Tibu. Chanzo kikirudi, ingia na kipimamionzi mkononi, pima karibu na mgonjwa na karibu na mashine, na kisha ndipo uguse filamu. Andika saa ya kumaliza.

Filamu moja kwa mara moja ya tiba. Kuiacha hadi mara zote kumi ziishe kutakupa jumla, lakini mara moja mbaya itajificha ndani ya tisa nzuri, na unaweza kuvuka 20 Gy. Pima mara ya kwanza na ya pili kwa kila mgonjwa, kisha tena katikati kama uvimbe umebadilika. Kwa kuwa filamu inahitaji saa 24, mara ya pili itakuwa imeshafanyika kabla hujajua matokeo ya mwanzo. Ukiwa na wasiwasi, changanua pia baada ya saa 2 na utumie mstari wa kurekebisha uliotengenezwa kwa muda huohuo wa saa 2.

Kulinganisha, na kiasi gani cha tofauti ni cha kawaida

Rudi kwenye mfano wetu: filamu 1.78 Gy, mpango 1.95 Gy. Pungufu kwa asilimia 9. Ni kosa?

Kwanza jua kwamba hesabu ya kawaida inayotumiwa na programu nyingi, ile ya TG-43, inachukulia mgonjwa ni bahari ya maji kila upande. Ngozini nje kuna hewa, na mionzi ambayo ingerudishwa na maji haipo. Kwa hiyo mpango hukadiria ngozi juu kidogo, kwa asilimia kadhaa, zaidi kwa iridi kuliko kobalti. Filamu kusoma chini ya mpango kidogo ndilo jambo la kutarajiwa. Filamu inayolingana kabisa na mpango wa TG-43 kwa wagonjwa wote ndiyo ingenitia shaka.

Pili, jumlisha mashaka. Nguvu ya chanzo asilimia 2, data za chanzo 3, kukosekana kwa mionzi ya kurudi 3, filamu 4, na nafasi, kwa mteremko wa asilimia 5 kwa milimita, 5. Kila moja ipige kwa yenyewe, jumlisha, toa kipeuo cha pili: karibu 8. Mara mbili yake ni 16. Lakini chanzo kikiwa peke yake mm 20 kutoka kwenye ngozi, milimita moja ni asilimia 9, jumla inapanda hadi 11, na mara mbili ni 22. Kwa hiyo usiweke kikomo kimoja cha asilimia 10 kwa pointi zote, utakuwa unapiga kengele kila siku mpaka watu waache kuisikia. Kila pointi iwe na kikomo chake kilichohesabiwa kutokana na mteremko wake, kabla ya tiba.

Ndani ya kikomo, andika na uendelee. Ikizidi, rudia kipimo mara inayofuata na ukague nafasi. Ikizidi kikomo mara mbili mfululizo, au mara moja kwa zaidi ya asilimia 30, simamisha, rudi CT.

Makosa yana sura zake

Pointi zote zimezidi kwa kiasi kilekile: angalia nguvu ya chanzo na tarehe yake. Iridi inapungua kwa asilimia 0.93 kwa siku, nusu-uhai wake ukiwa siku 74 hivi, na cheti kilichoandikwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi ukitangulia siku, kinaweza kukupeleka miezi kadhaa mbele au nyuma. 04/07 ni Aprili au Julai? Kobalti haina haraka hiyo, inapoteza kama asilimia 1.1 kwa mwezi, lakini ndiyo hiyo watu wanayoisahau kusasisha. Zote zimepungua sawasawa: kagua urekebishaji wa filamu, muda wa kusubiri, au boksi la toleo jingine.

Pointi moja iko juu na jirani yake iko chini: mirija miwili imebadilishana. Hili ndilo kosa kubwa ambalo filamu ndefu hulifichua papo hapo, kwa kuwa kilele cha weusi kimehama kutoka kilipochorwa. Kilele kimehama kuelekea upande wa kuingilia sindano, na umbo halijabadilika: urefu wa mrija au wa sindano ulioingizwa kwenye mashine si sahihi. Pointi ya kovu peke yake imepanda, siku ya tatu au ya nne: uvimbe au sindano iliyosogea.

Ukungu wa kijivu ukingoni unaoingia ndani zaidi ya mm 2 ni maji au mkasi butu. Kata eneo hilo, soma katikati.

Ngozi yenyewe

Vitabu vingi vya kupima madhara vinatafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi, mwanzo wa madhara huwa ni kukoza rangi, joto, kukaza na kuwasha. Anayetafuta wekundu ataandika "hakuna" kwa mgonjwa ambaye ngozi imeshaanza kupukutika. Gusa kwa nyuma ya mkono, linganisha na titi la pili kwa mwanga wa dirishani, uliza kuhusu maumivu usiku. Vimishipa vilivyojitokeza vinaonekana vizuri zaidi ukinyoosha ngozi kwa vidole viwili.

Madhara ya muda mrefu yanakuja baada ya miezi na miaka, wakati mgonjwa yuko Nansio, Geita au Musoma na anahudumiwa na mtu asiyemfahamu. Karatasi ya kuondokea iwe na mchoro wa titi, pointi zote kwa sentimita kutoka chuchuni na uelekeo wa saa, dozi iliyopimwa kwa kila mara, jumla, na dozi ya mionzi ya nje kama ilikuwepo. Nakala moja aondoke nayo, ya pili ibaki kwenye faili pamoja na filamu zenyewe ndani ya bahasha nyeusi, kila moja ikiwa na namba, tarehe, saa ya kumaliza tiba na saa ya kuchanganuliwa.